Nyota Aliyekufa Njaa Kwenye Mchanga Msafi

Zamu hii ni yetu sisi wa Kamembe. Tulipanga kuandika juu ya kutafuta kazi. Lakini kuna mnyama mmoja alitufia mikononi, na tukiangalia vizuri, habari yake nayo ni ya kazi.

Tuko sita. Wengine tumetoka Bukavu, ng'ambo tu ya Ruzizi, wengine Uvira na Fizi. Rwanda inaruhusu mkimbizi kufanya kazi, basi tunafanya inayopatikana: kupakua mizigo, kufua, kupalilia, kufagia viwanja. Mwaka jana mzee mmoja mwenye nyumba ya wageni karibu na ziwa alituita. Alikuwa amenunua tangi la samaki la lita 300, na siyo la maji ya Kivu. La maji ya chumvi! Huku tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na bahari yenyewe iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Chumvi ilikuja kwenye ndoo, chumvi maalumu ya matangi, siyo ya jikoni. Unaichanganya na maji yaliyochujwa mpaka kila lita iwe na kama gramu 35.

Kazi yetu ilikuwa kupima chumvi, kulisha samaki, kusafisha kioo na kubadilisha maji. Franga zilikuwa zinaingia kwenye sanduku la kikundi, kwa ada ya shule ya wadogo zetu wawili. Ndiyo maana tangi lile halikuwa mchezo kwetu.

Shida ilikuwa mchanga. Mwanzo ulikuwa mweupe kama unga wa muhogo. Baada ya miezi mitatu ukashika utando wa kahawia, halafu vipande vya chakula vikaanza kuoza juu yake. Bosi akasema wageni wanaona uchafu. Sisi tukachukua kijiti tukakoroga. Kumbe kona moja mchanga ulikuwa umerundikana sana, hewa haifiki chini. Ikatoka harufu ya yai bovu, samaki wakaanza kuhema juu ya maji. Sisi watu wa Kivu tungepaswa kujua: gesi iliyolala chini haikorogwi ovyo.

Bosi akasema, "Kuna wanyama wanaosafisha mchanga. Chagueni mmoja, nitalipa." Akatuonyesha picha za muuzaji wa Nairobi. Tulichagua kwa macho. Kulikuwa na nyota wa mchanga, yule ambaye watu wa pwani wanamwita kiti cha pweza, mwenye mikono mitano na miiba midogo pembeni. Muuzaji aliandika: anasafisha mchanga wote, haoni usingizi. Tukasema huyu huyu.

Alikuja kwa ndege mpaka Kigali, ndani ya mfuko wa maji wenye oksijeni, halafu akapanda basi na mwenzetu. Kwenye msitu wa Nyungwe baridi ni kali, basi mwenzetu akaufunga mfuko ndani ya sweta lake, akatetemeka yeye. Tulipomtia kwenye tangi alizama ndani ya mchanga kama aliyerudi nyumbani. Wiki ya pili mchanga ulikuwa unapendeza. Bosi aliwaita wageni waje waone. Sisi tulijipiga picha.

Wiki ya nane tukaona ncha za mikono yake zinalegea. Halafu zikaanza kukatika kidogo kidogo. Asubuhi moja tukamkuta juu ya mchanga, hasogei. Maji tulipima, yalikuwa mazuri. Hakuwa na ugonjwa wowote tuliouona.

Mmoja wetu, kijana wa Uvira aliyekulia kando ya Tanganyika na kuona samaki wanaochekecha mchanga mdomoni, ndiye aliyeuliza swali ambalo tulipaswa kuuliza mwanzo: "Sasa huyu alikuwa anakula nini?"

Tukatafuta. Kumbe nyota wa aina ile hali uchafu tunaouona sisi. Anakula viumbe vidogo vinavyoishi ndani ya mchanga: minyoo midogo, konokono wachanga, vijidudu. Ndivyo vinavyovunjavunja mabaki ya chakula kila siku. Baharini anatembea mbali kuvitafuta. Kwenye tangi letu alivimaliza vyote kwa wiki chache, halafu akabaki na mchanga mweupe na njaa. Tulipomsifu kwamba amesafisha, alikuwa amemaliza sahani yake, na tena alikuwa amekula wasafishaji wa kweli.

Bosi alikata bei yake kwenye malipo yetu. Mwezi ule ada ya mdogo mmoja haikutimia. Tuliumia, lakini hasira nyingine ilitoka mahali hatukutegemea. Dada mmoja kwenye kikundi alisema, "Hata sisi wanatuita hivyo hivyo. Njooni mfagie, njooni mpalilie. Kazi ikiisha, hakuna anayeuliza jioni mtakula nini." Tulinyamaza wote.

Jioni ile tulimsimulia papa mmoja mvuvi. Akatukumbusha kwamba hata sambaza hawakuwa wa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu wataalamu waliona katikati ya ziwa kuna vijidudu vingi vya majini na hakuna samaki wa kuvila. Waliletwa dagaa wa aina mbili, ikashika moja tu. Na hata hao walioshika walipunguza vijidudu vile. Lakini angalau swali la chakula liliulizwa kwanza, na leo nusu ya soko letu inanuka sambaza.

Basi mara ya pili hatukuchagua kwa macho. Tuliandika maswali manne kwenye karatasi. Uchafu wetu ni wa aina gani? Mnyama huyu anakula huo, au anakula kingine? Ukiisha, tutamlisha nini? Na akifa, atawadhuru wengine?

Kwa maswali hayo wengi walianguka. Jongoo bahari, yule anayevuliwa pwani na kukaushwa kwa soko la China, anameza mchanga na kuutoa ukiwa safi. Ni msafishaji wa kweli, lakini wako wanaotoa sumu wakifa au wakinaswa na pampu, na tangi zima linaweza kwenda nao. Samaki wadogo wanaochekecha mchanga ni hodari, ila wengi wanakonda kwenye tangi dogo, na wanaruka nje kama hakuna kifuniko. Kaa wadogo wanaoishi ndani ya makombe wanahitaji makombe ya akiba, la sivyo wataua konokono ili wachukue nyumba zao.

Tuliobaki nao ni konokono wa aina mbili. Wa kwanza ni Nassarius. Anajificha ndani ya mchanga, anaacha mrija wake tu nje kama mkonga. Ukitia chakula, mchanga unachemka, wote wanatoka kugombania mabaki. Wa pili ni Cerithium, mrefu mwembamba, anayekula utando wa mwani na uchafu wa juu. Tulichukua wanane wa kwanza na kumi wa pili, siyo thelathini kama muuzaji alivyotaka. Maji ya tangi tuliwaongezea tone kwa tone, zaidi ya saa nzima, kwa sababu wanyama hawa hawavumilii chumvi ibadilike ghafla. Tukapunguza chakula cha samaki, maana nusu ya uchafu ulitoka kwenye mkono wetu wenyewe. Tukasawazisha kona ile, taratibu, kidogo kila wiki. Na maji bado tunabadilisha, kwa sababu hakuna mnyama anayefuta uchafu kabisa. Anaugeuza tu kuwa mdogo zaidi.

Leo mchanga wetu siyo mweupe kama zile wiki za nyota. Una alama za kutambaa, na ukiweka jicho karibu na kioo utaona vijidudu vimerudi. Bosi mwanzoni alinung'unika. Tulimweleza kwamba mchanga mweupe kabisa ulikuwa mchanga uliokufa. Tena tulimwomba jambo moja zaidi, ambalo zamani tungeogopa kulisema: kazi ya tangi ilipwe kwa mwezi, hata mwezi ambao mchanga ni safi, kwa sababu ni safi kwa kuwa sisi tuko. Alifikiri siku tatu, akakubali.

Ada imetimia muhula huu. Na nyota wetu tulimzika chini ya mparachichi, nyuma ya nyumba ya wageni. Kila tukipanga kumwita mtu au mnyama aje kutufanyia kazi, tunaulizana kwanza: atakula nini?