Chuku: Pembe Kabla ya Tamathali

Mwanafunzi yeyote aliyepitia somo la tamathali za usemi anaijua chuku. Atakuambia kuwa ni kulikuza jambo kupita uhalisi wake, na aliyekariri vizuri ataongeza kwamba jina lake jingine ni mubalagha. Lakini mwulize chuku ni kitu gani, kitu cha kushikwa mkononi, uone atakavyonyamaza.

Chuku ni pembe. Ni kipande cha pembe ya ng'ombe au ya mbuzi kilichotobolewa nchani. Mumishi hukibandika upande mpana juu ya ngozi ya mgonjwa, akaivuta hewa kwa kinywa kupitia kitundu cha nchani, kisha akakiziba kitundu hicho kwa nta aliyokuwa nayo mdomoni, akiisukuma kwa ulimi. Pembe hunata. Nyama iliyo chini yake huinuka na kujaa ndani. Akikusudia kutoa damu, huibandua, huchanja chale ndogo ndogo kwa wembe, halafu huibandika tena. Kazi hiyo ndiyo kuumika, na kutokana nayo pembe ikapata jina lake la pili, ndumiko. Kamusi iliyohaririwa na Frederick Johnson, iliyotolewa mwaka 1939, inaifafanua chuku kwanza kuwa ni pembe ya kuumikia. Ile chuku ya maneno ni mgeni aliyekuja baadaye na kumfukuza mwenye nyumba.

Sikulifikia jambo hili kwa njia ya kamusi pekee. Bega langu la kulia, lililobeba mkono wa chaki kwa miaka zaidi ya thelathini, liligoma mwaka uliopita. Lilianza kwa maumivu ya usiku, likaishia kukakamaa, hata kuvaa shati kukawa shughuli ya watu wawili. Mkono ulipanda hadi usawa wa kifua ukakomea hapo. Hospitalini nilielezwa kwamba kifuko kinachozunguka kiungo cha bega kimekaza, kwamba hali hiyo huweza kuchukua hata mwaka au zaidi kuachia, nikaagizwa mazoezi: kusimama mbele ya ukuta na kuvipandisha vidole kidogo kidogo, kama buibui apandavyo. Nikayafanya. Buibui wangu alikuwa mvivu.

Ndipo jirani aliponielekeza kwa mumishi mmoja hapa hapa Lembeni. Kwa wasioijua Lembeni, iko chini ya milima ya Upare wa kaskazini, kando ya barabara itokayo Same kwenda Moshi na karibu na reli ya zamani ya Tanga. Ni nchi ya joto, vumbi na mkonge, wakati ndugu zetu wa mlimani wamejifunika ukungu. Mumishi huyo ni kijana wa makamo, ana chumba kimoja chenye kitanda na ndoo ya maji ya dawa. Alinipokea kwa heshima zote: "Shikamoo, mwalimu. Vua shati, nilione bega." Pembe sikuiona. Alikuwa na vikombe vya plastiki vinavyopitisha mwanga, kila kimoja na kizibo chake juu, pamoja na pampu ya mkono ya kunyonyea hewa. Nilimwambia sitaki wembe, akakubali bila ubishi. Alibandika vikombe vinne, kuanzia shingoni hadi chini ya mfupa wa bega, akaviacha kwa takribani dakika kumi.

Nieleze nilichokihisi, maana washairi huandika sana habari za maumivu na kidogo mno habari za kupungua kwake. Mtu akikukanda, hukusukuma kuelekea ndani. Misuli hushindana naye. Kikombe hufanya kinyume chake. Huivuta ngozi na nyama kuelekea nje, na misuli haina wa kushindana naye. Hewa iliyo ndani ya kikombe ikipungua, ngozi huinuka kuijaza nafasi, damu hukimbilia hapo, na vijishipa vidogo hupasuka. Hiyo ndiyo sababu ya zile duara za zambarau zibakiazo siku kadhaa, kama zile ambazo ulimwengu uliziona mabegani mwa mwogeleaji Michael Phelps katika Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016. Nyumbani ziliniletea maswali mengi kuliko bega lenyewe.

Hapo kitandani, nikiwa nimelala kifudifudi, nilizielewa maana mbili za neno moja. Sidai kuwa na ushahidi wa wanaisimu. Natoa usomaji wangu. Kupiga chuku si kusema uongo. Mwongo hubuni kitu ambacho hakikuwapo. Mwenye kupiga chuku huinua kilichopo: huibandika pembe yake mahali penye nyama, huvuta, na nyama huvimba mbele ya macho yetu, ikabadilika na rangi. Ibandike pembe hiyo juu ya jiwe, vuta hadi mashavu yaume, hutapata kitu. Mshairi asemaye kuwa machozi ya mjane yamejaza mto Pangani amepiga chuku, kwa sababu mjane yupo na machozi yapo. Asemaye vivyo hivyo juu ya mtu ambaye hakulia amebandika pembe juweni. Mashairi mengi ya sifa ninayoyasoma siku hizi yananikera kwa sababu hiyo: chuku ni kubwa, nyama hakuna. Sikio langu husikia pia ujirani wa kuumika na kuumuka, kule kupanda kwa unga uliotiwa hamira, ingawa ujirani wa sauti si lazima uwe udugu.

Mumishi wangu naye hupiga chuku za aina zote mbili. Ukutani amebandika karatasi ndefu ya maradhi ayatibuyo: mgongo, shingo, kisukari, shinikizo la damu, ugumba, na "uchafu wa damu". Nne za mwisho nazikataa, na mbili za kwanza kati ya hizo nazikataa kwa ukali zaidi, maana mtu anaweza kuacha vidonge vyake kwa ajili ya vikombe. Kuhusu mgongo na shingo, watafiti wameona nafuu ya muda mfupi, ila majaribio yao ni dhaifu kwa sababu ni vigumu kumbandikia mgonjwa kikombe cha bandia asitambue. Na kwa anayetaka kuchanjwa, wembe uwe mpya, afunguliwe mbele ya macho yake. Kizazi changu kilikuwa kazini ukimwi ulipotambuliwa Kagera mwaka 1983. Hatukuhitaji kuhubiriwa mara mbili habari za wembe wa watu wengi.

Na nafuu yangu? Baada ya vikao vitatu, katika mwezi mmoja na nusu, mkono unafika sikioni. Mazoezi ya ukutani sikuyaacha hata siku moja, hivyo siwezi kugawa sifa kwa mizani. Ninachoweza kukisema ni kwamba jioni ya kila kikao bega lilikuwa jepesi, na buibui alipanda vidole viwili zaidi.

Kilichonihuzunisha ni jina. Kijana yule huiita kazi yake hijama, jina lililotukuka kwa Waislamu kwa sababu ya sunna, nami sina ugomvi nalo. Limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kunyonya, nalo linasema kweli. Lakini nilipomtajia kuumika, alifikiri nimekosea kutamka kuumia. Nilipomwambia kuwa anachokifanya ni kupiga chuku, alicheka na kuniapia kuwa hatii chumvi. Ikabidi nimweleze, nikiwa na vikombe mgongoni, kwamba nilikuwa nikimpa jina la kazi yake. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema babu yake alikuwa nayo pembe ya namna hiyo. Bado iko darini kwa mama yake, akasema, na kile kitundu cha nchani kimezibwa na nta hadi leo.