Sarajevo, mji uliokataa kufa

Ukibahatika kufika Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia na Herzegovina, msomaji, kwanza itazame milima. Imeuzunguka mji pande zote, nao umelala bondeni kando ya mto Miljacka. Mwaka 1984 milima hiyo ilileta furaha, kwani huko ndiko kulikofanyiwa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi. Miaka minane baadaye, majeshi ya Waserbia wa Bosnia yalipanga mizinga huko huko na kuulenga mji.

Kuanzia Aprili 1992 hadi Februari 1996, Sarajevo ilizingirwa. Zilikuwa siku 1,425. Zaidi ya watu 11,000 waliuawa.

Je, waliosalia waliishije? Tembea nami uone. Kiwanda hiki cha bia kina chemchemi chini yake. Mifereji ya nyumbani ilipokauka, akina mama na watoto walipanga foleni hapa wakiwa na madebe, huku wakijua kwamba kombora lingeweza kuangukia foleni yenyewe. Miti ya bustanini ilikatwa ikawa kuni. Ilipokwisha, watu walichoma viti, viatu vikuukuu na vitabu. Watoto walisomea kwenye vyumba vya chini ya majumba. Gazeti la Oslobođenje nalo liliendelea kuchapishwa, ingawa jengo lake lilibomolewa kwa mizinga.

Sasa twende karibu na uwanja wa ndege. Uwanja huo ulikuwa mikononi mwa Umoja wa Mataifa, na aliyejaribu kuuvuka usiku alipigwa risasi. Penye nia pana njia: mwaka 1993 watu walichimba njia chini yake, urefu wa mita 800 hivi. Mtu mzima alipita ameinama, mara nyingi akikanyaga maji, mgongoni kabeba gunia la chakula. Majeruhi walipitishwa humo, na silaha pia. Leo kipande chake kimehifadhiwa kama makumbusho. Ingia, nawe uiname.

Mwisho, fika soko la Markale. Tarehe 5 Februari 1994, kombora moja liliwaua watu 68 waliokuja kutafuta riziki na kitoweo. Agosti 1995 soko lilipigwa tena, wakafa 43. Mauaji hayo ya pili yalifuatwa na mashambulizi ya ndege za NATO, na mwishoni mwa mwaka huo mkataba wa amani ukatiwa sahihi.

Leo wachuuzi wamerudi na meza zimejaa matunda. Lakini ukitembea barabarani, angalia chini. Baadhi ya mashimo ya makombora yaliyoua watu yamejazwa utomvu mwekundu, na wenyeji huyaita mawaridi ya Sarajevo. Ukilikuta moja, msomaji, usilikanyage. Lizunguke, kisha uendelee na safari yako.