Nafasi ya Magoti

Msomaji, mtu mrefu huipima dunia kwa magoti yake. Mimi ni mmoja wa watu hao. Siku moja nilitoka Kakamega kwa matatu mpaka Kisumu, mwendo wa kilomita 50 hivi, ili nipande ndege ya Nairobi. Njiani magoti yaliniuma, nikajifariji kuwa ndegeni nitanyoosha miguu.

Kumbe ndege za safari za ndani, zenye ujia mmoja katikati, hupangwa viti kwa kuhesabu inchi. Toka kiti hata kiti cha nyuma yake mara nyingi ni inchi 30 hivi, na unene wa kiti umo humo. Safu moja ikiongezwa, nauli huzidi na magoti hupunjwa.

Nilibonyeza kitufe, nikalaza kiti, nikapata raha. Mara nikasikia mguno. Nilipogeuka nilimwona mama mzee mwenye mkongojo, ameshika goti lililovimba.

"Samahani, mama," nilisema.

"Si neno, mwanangu. Ila umekalia goti langu."

Nilikiinua kiti, nikaketi wima mpaka Nairobi. Safari ile haitimizi saa moja, lakini aibu yangu ingali hai.

Sheria zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004 zilitaka abiria wa matatu nchini Kenya awe na mkanda wake. Ni jambo jema. Lakini hakuna sheria ipimayo utu. Basi, msomaji, kabla hujaegemea, geuka kwanza utazame raha yako inatoka kwa nani.