Laptopu Iliyotumika: Tuangalie Kioo Kwanza

Mwezi huu nataka tuongee juu ya laptopu, kwa sababu wazazi wengi wananisimamisha njiani wakiuliza: "Mwalimu, kijana amepata nafasi ya kusoma kwa intaneti, tumechanga pesa kidogo, tununue ipi?" Pesa hiyo naijua inavyopatikana. Ni ya mama wa mandazi, ni ya chama, ni ya ndugu aliyetuma kutoka mbali. Ikipotea hakuna nyingine.

Hapa Kakuma laptopu nyingi za sokoni zilifanya kazi kwanza kwenye maofisi ya Ulaya, zikapitia Nairobi, na watu wanaziita ex-UK. Muuzaji atakutajia prosesa, atakutajia memori na diski. Kioo hakitaji. Lakini memori inaongezwa, diski fundi anabadilisha mara moja. Kioo kikiwa kibaya unakaa nacho, maana kukibadilisha kunaweza kula sehemu kubwa ya bei ya mashine yenyewe.

Mwaka jana kamati ya wazazi ilichanga kununua laptopu ya darasa. Tukawekewa mbili mezani: moja i7 kwa shilingi 22,000, nyingine i5 kwa 20,000. Wazee walitaka i7, kwa sababu saba inazidi tano. (Hiyo namba peke yake haisemi mengi. i7 ya zamani inaweza kushindwa na i5 ya juzi, uliza ni kizazi cha ngapi. Windows 11 kwa kawaida inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha Oktoba 2025.) Niliomba tufungue ukurasa mweupe wenye maandishi kwenye mashine zote mbili. Baba mmoja akachuchumaa mbele, kama watoto wetu wanavyokaa chini. Mama mmoja akasimama nyuma. Kwenye i7 baba aliona giza tu, rangi zimegeuka. Mama aliona weupe uliofifia, maandishi hayasomeki. Muuzaji aliyekaa sawasawa katikati ndiye pekee aliyeona vizuri! Kwenye i5 wote watatu walisoma.

Tofauti ni aina ya kioo. TN ni cha bei nafuu, kinapendeza ukikitazama moja kwa moja, ukienda chini au juu kinaharibika. IPS kinaonyesha karibu sawa kutoka kila upande. Kwa mtu mmoja mezani TN inavumilika. Kwa darasa la vichwa arobaini, au familia ya watoto watano kwenye mkeka, haifai kabisa. Na jina la mashine lisikudanganye: ThinkPad X240 ya mwaka 2013 ilitoka kiwandani nyingine na TN, nyingine na IPS. Lazima uinamishe kichwa mwenyewe.

Jambo lingine ni mwanga. Vioo vingi vya bei nafuu vinatoa niti 200 hadi 250 vikiwa vipya, na taa ya ndani inachoka na miaka. Dukani ni giza, kila kioo kinang'aa. Mwombe muuzaji mtoke nayo mlangoni saa nane mchana, uone kama unasoma chini ya kivuli. Kioo kisichorudisha mwanga, kile kisichometameta, ni bora kwetu kuliko kile kinachokuonyesha uso wako. Pia ukilazimika kuweka mwanga juu kabisa kila siku, betri inaisha haraka, na sisi tunachaji kwa kulipa.

Ile picha nzuri ya maua au ya mlima anayoweka muuzaji, iondoe. Inaficha. Weka rangi tupu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu. Kwenye nyeupe utaona madoa ya kugandamizwa na nukta zilizokufa. Nukta moja pembeni si neno, ni ya kupunguziwa bei. Mstari wa wima ni habari nyingine, mimi ningeiacha hata kwa bei ya kutupa, maana mara nyingi inaongezeka. Kisha fungua na funga kifuniko polepole. Picha ikicheza wakati kifuniko kinatembea, huenda ni waya tu, na waya ni rahisi kuliko kioo, lakini usilipe kabla fundi hajaangalia.

Angalia pia vipimo kwenye mipangilio. 1920 kwa 1080 ina nukta karibu mara mbili ya 1366 kwa 768. Anayesoma vitabu vya PDF usiku ataona faida yake machoni. Kama tofauti ni elfu mbili, tatu, mimi nasema zitoe huko kuliko kwenye i7.

Wazee walikubali ile ya 20,000. Elfu mbili zilizobaki tulinunua mfuko wa kuibebea na waya mrefu wa umeme.

Hizo rangi tano ninazo kwenye flashi. Nipo darasani siku za shule mpaka saa kumi, mtumeni mtoto aje na simu nimwekee. Na kama muuzaji atakubali mashine itoke dukani kidogo, njooni nayo tuiangalie pamoja kabla pesa haijatoka mfukoni.