Taa za Kijani Zilitudanganya

Samahanini kwa ukimya wa siku kadhaa. Sikuwa naumwa, nilikuwa nauguza seva.

Ilikuwa hivi. Alhamisi usiku nilikuwa namalizia habari ya mzee mmoja mstaafu anayehangaikia mafao yake. Nilishamwahidi: "Mzee, kesho utajisoma gazetini." Saa tatu umeme ukakatika, jenereta haina dizeli (mambo yetu hayo). Ukarudi saa nne. Mlinzi akabonyeza kitufe cha seva, taa za kijani zikawaka, tukashangilia. Lakini mfumo wa habari haufunguki, na faili zetu hazionekani!

Fundi wetu alikuwa Tukuyu, msibani. Nikampigia. "Kaka, pole na msiba. Seva imewaka lakini hakuna kitu."

Akacheka kwa uchovu. "Nyumba imefunguliwa, wapangaji bado wamelala."

Ndipo nikaelewa. Seva yetu ni mashine moja yenye Proxmox, na ndani yake zimo seva pepe tatu: ya hifadhidata, ya mfumo wa habari na ya kutunzia faili. Kila moja hujiona kompyuta kamili. Mashine kubwa ikiwaka, hizo za ndani haziamki mpaka ziwe zimeagizwa hivyo. Sisi hatukuwahi kuziagiza. Akanisomea amri herufi kwa herufi: qm list, zote tatu zimezimwa. Kisha qm start 100, halafu 101, halafu 102.

Zilipoamka ilishapita saa tano. Mhariri alikuwa amefunga ukurasa kwa kile alichokuwa nacho kwenye laptopu yake. Mahali pa mzee pakakaa tangazo la viwanja.

Asubuhi simu ikaita. "Mwanangu, gazeti nimenunua. Niko ukurasa wa ngapi?"

Jamani, niliishiwa maneno.

Jumatatu fundi akarudi. Dawa yenyewe ni mstari mmoja:

qm set 100 --onboot 1 --startup order=1,up=60

Maana yake: seva namba 100, ile ya hifadhidata, iamke yenyewe, iwe ya kwanza, kisha zipite sekunde 60 kabla ya kuamsha inayofuata. Mfumo wa habari ukitangulia, utapiga hodi nyumba isiyo na mtu. Zile mbili nazo zikapewa zamu zao. Pia akarekebisha mashine kubwa iwake yenyewe umeme ukirudi, bila kumsubiri mlinzi. Halafu tukachomoa waya mchana kweupe, tukaurudisha, tukakaa mikono mfukoni. Dakika chache baadaye mfumo ukafunguka wenyewe.

Jaribio hilo tungelifanya siku ya kwanza, mzee asingepekua gazeti bure. Wewe uliye ofisini, muulize fundi wenu leo: umeme ukirudi usiku, nani anaziamsha?

Habari ya mzee ilitoka Jumanne. Nilimpigia alfajiri, kabla hajanunua gazeti: "Shikamoo mzee. Ukurasa wa 5."