Siri ya Mtungi na Mashine Pepe

Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi muulize kata. Kauli hii imenirudia mara nyingi tangu nianze kusoma kuhusu Zenroom, mashine pepe ndogo itumikayo kutekeleza hati za usimbaji fiche. Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa isimu anatafuta nini katika uwanja wa hisabati na tarakilishi? Jibu langu ni kwamba nililolikuta humo ni suala la lugha, tena suala linalomgusa kila Mkenya aliyewahi kudaiwa nambari ya kitambulisho chake.

Kwanza tufasili. Mashine pepe ni programu inayojifanya kompyuta ndani ya kompyuta nyingine. Hupokea maagizo na kuyatekeleza ndani ya mipaka yake yenyewe. Zenroom iliundwa na wakfu wa Dyne.org wenye makao yake Amsterdam, Uholanzi, ikapevuka katika mradi wa DECODE uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kati ya 2017 na 2019. Imeandikwa kwa lugha ya C, na kiini chake ni Lua, lugha ya programu iliyozaliwa Brazil mwaka 1993 na ambayo jina lake kwa Kireno maana yake ni mwezi. Kwa udogo wake, huweza kufanya kazi katika simu, katika kivinjari cha intaneti na hata katika vifaa vidogo vya kielektroniki. Haigusi mafaili wala haitoki kwenda mtandaoni. Hupewa hati, data na funguo. Hutoa jibu, kisha hunyamaza. Asiyetoka nyumbani hapeleki umbeya.

Fauka ya hayo, msimbo wake uko wazi kwa yeyote atakaye kuukagua. Je, chombo cha kulinda siri chawezaje kuanikwa juani? Hapa tuukumbuke mchezo wetu wa kinyume, ambao Edward Steere aliunakili katika karne ya 19 alipokuwa akikichunguza Kiswahili cha Unguja. Katika kinyume, silabi ya mwisho hutangulizwa: samaki huwa kisama, nyumba huwa mbanyu. Ni mchezo mtamu, lakini siri yake yote imo katika kanuni. Mtoto akishaijua kanuni, hakuna kilichobaki.

Mwaka 1883, Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyekuwa akifundisha Ufaransa, alieleza kwamba mfumo bora wa usimbaji ni ule ambao hata ukiangukia mikononi mwa adui hautaleta madhara, maadamu ufunguo umehifadhiwa. Inafurahisha kwamba Kerckhoffs alikuwa mwanaisimu, na mmoja wa watetezi wakuu wa Volapük, lugha ya kubuni iliyokusudiwa kuwaunganisha walimwengu. Kwa hiyo wanaisimu si wageni katika uwanja huu.

Lililonivutia zaidi ni kwamba Zenroom ina lugha yake iitwayo Zencode. Hati zake huandikwa kwa sentensi zinazofanana na Kiingereza cha kawaida, zikiwa na sehemu tatu: kilichopo, kinachotendwa, na kinachotolewa. Lengo ni kumwezesha asiye mtaalamu, awe wakili, karani au mwananchi, kusoma hati na kujua data yake inafanywa nini. Yaani, kata isiwe mikononi mwa mtengeneza programu peke yake.

Nilijaribu kuandika karatasini hati kama hiyo kwa Kiswahili: "Ikiwa mimi ni Amina, na nina ufunguo wangu, nitiapo sahihi waraka, basi toa sahihi." Ni maneno machache, ila yalinishughulisha usiku kucha. Zencode hupuuza vijineno kadhaa vya Kiingereza ambavyo husimama peke yake, vikiwemo vitambulishi, na maana ya agizo haiharibiki. Katika Kiswahili nafsi haisimami peke yake. Imo ndani ya kitenzi: nina, ana, tuna. Aidha, ufunguo wangu ukiongezeka huwa funguo zangu, na kivumishi hubadilika pamoja na nomino. Mashine inayolinganisha sentensi neno kwa neno ingepotea hapo, isipofunzwa mofolojia yetu.

Istilahi nazo zina mitego. Neno sahihi ni alama ya mkono wa mtu, na papo hapo ni sifa ya kisicho na kosa. Tukiiambia mashine "thibitisha kwamba sahihi ni sahihi," mwanadamu ataelewa. Mashine itahitaji ufafanuzi. Vilevile, tukisema "ufunguo wa umma" msikilizaji atadhani ni mali ya watu wote, kama kisima cha umma, ilhali ni ufunguo wa mtu mmoja uliotolewa hadharani. Mimi napendekeza "ufunguo wa hadhara" dhidi ya "ufunguo wa faragha." Wahadhiri wetu na watuhukumu.

Kwa nini tujisumbue? Katika majengo mengi mijini, mgeni huandika langoni jina, nambari ya kitambulisho na ya simu katika daftari ambalo anayemfuata hulisoma bila kizuizi. Wiki moja baada ya kuandika yangu, nilipigiwa simu na mtu nisiyemjua aliyenitaja kwa majina yangu yote matatu. Juni 2021, Wakenya wengi walijikuta wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa bila ridhaa yao, licha ya kuwapo kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Hali kadhalika, usimbaji unaonyesha kwamba si lazima iwe hivyo. Katika majaribio ya DECODE huko Amsterdam, mtu aliweza kuthibitisha kuwa amevuka umri wa miaka 18 bila kutaja jina lake. Kule Barcelona, wakazi waliweza kuunga mkono ombi la umma bila kufichua utambulisho wao. Bawabu anahitaji kujua kwamba nimeruhusiwa kuingia. Jina la babu yangu la nini?

Sidai kwamba sentensi nyepesi huondoa ugumu wote. Asomaye "tia sahihi" hajaiona hisabati iliyo chini yake, na usomekaji waweza kumpumbaza mtu akadhani ameelewa. Hata hivyo, asiyeweza kusoma kabisa hana hata pa kuanzia kuuliza.

Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Mwaka 2004, wataalamu waliofanya kazi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, wakithibitisha kwamba programu huria huweza kuvishwa Kiswahili na watu wachache wenye nia. Kazi ya hati za usimbaji inahitaji zaidi ya kutafsiri vitufe. Inahitaji mwanamofolojia aketi na mwanahisabati. Wanachama wenzangu, idara ya sayansi ya kompyuta iko ng'ambo tu ya ua. Tubishe hodi.