Usiku mmoja na kaa wa Ziwa Macquarie

Tulifika Ziwa Macquarie baada ya sala ya Alasiri, jua la Januari likiwa bado kali, kwani huko Januari ni kiangazi. Ziwa hilo limo katika jimbo la New South Wales, Australia, kaskazini mwa Sydney, jirani na mji wa Newcastle ambako mjomba wa watoto wetu amehamia. Huitwa ziwa, lakini maji yake ni ya chumvi, kwa kuwa bahari ya Pasifiki huingia humo kupitia mlango mwembamba pale Swansea. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 110, na asimamaye ufukweni hudhani yuko kwenye ghuba. Wenyeji wake wa asili ni watu wa Awabakal, ambao walivua humo zama nyingi kabla Wazungu hawajafika.

Tulikwenda kuvua kaa kwa burudani. Uvuvi wa biashara ulikoma humo mwaka 2002, pale serikali ya jimbo ilipowalipa wavuvi fidia, kwa fedha zitokanazo na ada za wavuao kwa mapumziko, na kuliacha ziwa kwa familia. Ndiyo maana kwa kawaida mtu mzima hulipa ada kabla ya kutia chombo majini na hutembea na stakabadhi yake. Watoto wasiofika miaka 18 wamesamehewa.

Lakini kabla ya wavu kulikuwa na suala jingine, nalo tulilizungumza nyumbani. Babu, tuliyesafiri naye kutoka Tanga, alifundishwa chuoni kwamba kaa haliwi. Katika madhehebu ya Imam Shafii, kauli iliyotegemewa na wanazuoni wengi humweka kaa pamoja na wanyama waishio bara na majini, nao hawaliwi. Kwa Mahanafi, katika viumbe vya majini huliwa samaki tu, ilhali Wamaliki wameruhusu vyote vya baharini. Mjomba naye alitukumbusha kwamba Baraza la Wanazuoni la Indonesia, nchi ambayo Waislamu wake wengi ni Mashafii kama sisi, lilitoa fatwa mwaka huo huo wa 2002, baada ya kuwasikiliza wataalamu, kwamba kaa hupumua kwa matamvua na makazi yake ni majini, hivyo ni halali maadamu hana madhara kwa mlaji.

Babu alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, wewe una hoja zako nami nina waalimu wangu. Mimi sitamla. Ila kuua kiumbe kwa mchezo ni haramu kwetu sote, kwa hiyo asivuliwe hata mmoja ambaye hatapata mlaji." Tukakubaliana, naye akaomba apewe kazi ya kushika kipimo.

Chombo chenyewe ni chepesi: pete ya chuma iliyofungwa wavu, yenye kamba na boya. Kichwa cha mkizi hufungwa katikati kuwa chambo, kisha pete huteremshwa hadi chini, penye majani ya bahari. Husubiriwa kama robo saa, halafu huvutwa upesi bila kusita, kwani wavu huo hauna mlango, na kaa aliyekuja kula anaweza kuondoka kama alivyokuja. Watoto walivuta kwa kulegea mara mbili, wakapata kichwa cha mkizi kilichokwisha nyama.

Baada ya sala ya Maghribi, tuliyoisali juu ya nyasi, kaa wakaanza kutembea. Wa kwanza alitoka dume, magando yake marefu yana rangi ya buluu iliyokoza, na miguu yake ya mwisho ni bapa kama makasia, kwa kuwa ni kaa aogeleaye. Wahenga walisema kaa akiinua gando, mambo yamekatika. Huyu aliinua yote mawili. Mjomba akamshika kwa nyuma, yasipofika magando, na Babu akaweka kipimo: sentimita 6.5, kuanzia pengo lililo kati ya meno ya mbele hadi ukingo wa nyuma wa gamba. Pungufu ya hapo hurudi majini, na mtu haruhusiwi kuchukua zaidi ya 10 kwa siku. Kaa wa matope, ambaye ndiye yule yule wa mikoko yetu ya Pemba na Rufiji, naye huvuliwa humo. Kipimo chake ni sentimita 8.5, na mwisho ni watano.

Wavu wa mwisho aliuvuta binti yetu wa miaka 9. Alitoka kaa mkubwa kuliko wote, na binti akapiga kelele za furaha. Babu akamgeuza. Chini ya tumbo pana palikuwa na shada la mayai ya manjano. Jike mwenye mayai hurudishwa, awe na ukubwa wowote.

Ufukwe ulikuwa mtupu. Kaka yake akasema kwa sauti ndogo, "Baba, hakuna anayetuona."

"Mjukuu wangu," alisema Babu, "neno hilo usilirudie."

Hakuna aliyeongeza kitu. Binti akamteremsha mwenyewe majini kwa mikono miwili, huku machozi yakimlengalenga.

Tulirudi na kaa saba. Mjomba aliwatia kwenye maji ya barafu mpaka wakafa ganzi, ndipo akawachemsha, ili wasiteseke. Babu alikula wali kwa mkizi, wale wale ambao vichwa vyao vilikuwa chambo. Sisi tuliokulia kando ya mikoko tulivua kaa utoto mzima, wadogo kwa wakubwa, wala hatukuwahi kumgeuza hata mmoja kumtazama tumbo. Kipimo kile tumekuja nacho nyumbani.

Wallahu aalam.